Majina Nyuma ya Picha: Akina Mama katika Historia ya Kwaya Yetu

Kamati ya jubilii ilitupa kazi iliyoonekana ndogo: tuandike majina ya walioanzisha kwaya hii hapa Ikonge. Ya wanaume tuliyapata upesi. Ya akina mama, ambao ndio wengi katika kila picha, yalichukua miezi. Tumeona ni vyema kueleza sababu, kwa kuwa jambo hili linagusa kila boma la kwetu.

Tuanze na karatasi za serikali. Waingereza waliweka kituo chao Kisii mwaka 1907, chini ya ofisa aliyeitwa Northcote. Ripoti za wilaya ya South Kavirondo, iliyojumuisha Gusii yote, zimetunzwa katika Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka, Moi Avenue, Nairobi, na mwananchi anaweza kwenda kuzisoma. Humo mna machifu, barabara, shule na kodi. Kodi yenyewe ilikuwa ya nyumba: mwenye wake watatu alilipia nyumba tatu. Kwa hiyo mama alihesabiwa, lakini alihesabiwa kama nyumba.

Kisha kikaja kipande. Sheria yake ilitungwa 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanamume wa miaka 16 na zaidi aliandikwa jina, akachukuliwa alama za vidole, na kipande akakivaa shingoni. Mwanamke hakuandikwa. Uhuru ulipatikana 1963, lakini ni mwaka 1978 tu sheria iliporekebishwa ndipo wanawake nao wakaanza kuandikishwa vitambulisho. Mashamba yalipopimwa, hati nyingi zilitoka kwa jina la mume. Nyanya zetu wengi waliolewa, wakalima, wakalea na kuzika wapendwa wao bila ofisi yoyote kuwa na karatasi yenye majina yao.

Kanisani mambo yalikuwa tofauti. Waadventista walifika Gendia mwaka 1906, Arthur Carscallen akiandamana na Peter Nyambo, mwana wa Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Kutoka huko kazi ilipanda hadi Nyanchwa. Septemba 1914 Waingereza na Wajerumani walipigana Kisii, na katika machafuko hayo misheni ya Nyanchwa iliporwa, sawa na ile ya Wakatoliki kule Nyabururu. Kazi ikaanzwa upya. Na katika ubatizo kila mtu huingia majini kwa jina lake mwenyewe. Hakuna anayebatizwa kwa jina la mumewe. Ndiyo maana kitabu cha karani wa kanisa kina majina ya akina mama ambayo hayamo katika daftari za kodi wala za kipande.

Hata hivyo, kitabu peke yake hakitoshi. Sisi Abagusii humpa mtoto jina la jamaa aliyetangulia, hivyo Kerubo na Kemunto hurudi kizazi baada ya kizazi. Rebeka Kerubo mmoja anaweza kuwa nyanya, na mwingine mjukuu wake. Tena Ikonge ni soko la njiani kati ya Chabera na Chebilat, Wajaluo upande huu na Wakipsigis upande ule, na karani aliandika jina jinsi sikio lake lilivyolisikia. Kilichotusaidia sana ni barua za uhamisho wa ushirika, kwa maana bibi arusi alipohamia hapa, barua ilionyesha kanisa alikotoka.

Na hapo ndipo picha zilipokuja kutuokoa. Tuliziweka mbele ya akina mama wazee wakiwa pamoja, si mmoja mmoja. Mmoja alimtambua mwenzake kwa kitambaa cha kichwa, mwingine akamsahihisha. Halafu wakakumbuka jinsi mwalimu wa kwaya alivyowapanga: soprano upande mmoja, alto upande wa pili. Aliyejua nani aliimba alto alijua pia nani alisimama wapi. Mara nyingi jibu la kwanza lilikuwa "Mama Nyaboke", yaani Ng'ina Nyaboke, jina la heshima. Tukauliza tena: na yeye mwenyewe aliitwa nani? Ndipo tukarudi kwenye kitabu cha karani. Jina halikuingia katika orodha yetu mpaka picha, kitabu na kinywa cha mzee vilipokubaliana.

Paulo alipowasalimu Warumi katika sura ya 16, aliwataja wanawake kwa majina: Fibi, Priska, Mariamu, Persisi. Miongoni mwa waliobaki bila jina yuko mmoja. Tunamjua kama mamaye Rufo, ingawa Paulo alimheshimu kama mama yake mwenyewe. Kanisa lote duniani leo haliwezi kulipata jina lake, kwa kuwa waliomjua wamelala. Wetu bado wana watu wanaowajua, lakini kila mwaka tunazika mmoja au wawili wa hao.

Kwa hiyo tunawaomba, ndugu na dada. Siku ya jubilii kutakuwa na meza karibu na mlango wa kanisa. Leteni picha za nyumbani. Zitapigwa kwa simu, mbele na nyuma, kisha mtarudi nazo. Andikeni majina nyuma ya picha kwa penseli, taratibu, kwa sababu wino hupenya ukaharibu sura. Zitoeni ukutani penye moshi na unyevu. Na yeyote mwenye nyanya nyumbani amlete, hata kwa pikipiki. Katika picha ya kwanza ya kwaya wako akina mama wawili, mstari wa nyuma upande wa alto, ambao bado hatujawapata. Huenda mmoja wao ni mama yako.