Walipotoka Chuoni: Habari za Kikundi cha Austin

  Leo hatutasema habari za wafalme wala za vita. Tutasema habari za wanafunzi na walimu wachache waliofanya kazi pamoja katika chuo kikuu kimoja huko Marekani, wakatengeneza mtambo, kisha wakatawanyika. Swali letu ni hili: kikundi cha wasomi kinapotawanyika, ujuzi wao huenda wapi? Liandike swali hilo juu ya ukurasa wako, maana tutalirudia.

Kwanza tuelewane juu ya kazi yenyewe. Mchonga kinyago huanza na gogo. Hushika tezo na patasi, akapunguza na kupunguza mpaka kinyago kitokee, na vipande alivyoviondoa huwa takataka. Mfinyanzi hafanyi hivyo. Yeye huweka udongo juu ya udongo, tabaka juu ya tabaka, mpaka chungu kisimame. Viwanda vingi vya vyuma tangu zamani vilifuata njia ya mchonga kinyago, au vilimimina chuma kilichoyeyuka ndani ya kalibu. Kikundi chetu cha leo kilitaka njia ya mfinyanzi. Lakini mfinyanzi wao alikuwa mtambo unaopokea amri kutoka kwa kompyuta, na tabaka zake ni nyembamba mno. Katika mitambo ya namna hii tabaka moja huwa kama sehemu ya kumi ya milimita. Siku hizi kazi hiyo huitwa uchapishaji wa 3D.

Sasa tuingie katika historia. Katika mwaka 1981 kijana mmoja aitwaye Carl Deckard, mwanafunzi wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, alikwenda Houston kufanya kazi wakati wa likizo. Kiwanda alichofanyia kazi kilitengeneza vyombo vya visima vya mafuta. Pale aliona jambo lililomshangaza. Michoro ya vyombo ilikuwa tayari ndani ya kompyuta, lakini mifano ya kutengenezea kalibu ilikuwa bado ikichongwa kwa mkono. Akajiuliza: kama kompyuta inajua umbo la chombo, kwa nini isiamrishe mtambo ukijenge chombo hicho moja kwa moja?

Aliliwaza jambo hilo kwa miaka kadhaa. Ilipofika mwaka 1984 alimwendea mwalimu mmoja wa uhandisi, Joe Beaman, akamweleza. Beaman alikubali kumwongoza. Kumbukeni, wasikilizaji, kwamba mwalimu huyo naye alikuwa bado kijana katika kazi yake. Kumpokea mwanafunzi mwenye wazo geni kuliweza kumpotezea miaka.

Njia yao ilikuwa hivi. Unga wa plastiki hutandazwa kwa wembamba ndani ya sanduku. Mwali wa leza, yaani mwanga mkali uliokusanywa pamoja, hupita juu ya unga mahali palipochorwa na kompyuta. Chembe za unga zilizopata moto hushikamana. Zile ambazo hazikuguswa hubaki unga. Kisha sakafu ya sanduku hushuka kidogo, unga mwingine hutandazwa juu, na mwali hupita tena. Mwishoni unga uliobaki hupanguswa, na chombo hutoka.

Ukisikia hivyo utadhani kazi ni nyepesi. Haikuwa nyepesi. Hapo mwanzo Deckard aliutandaza unga kwa mkono, kama mtu anyunyizaye chumvi, na vitu vya kwanza havikuwa vizuri kutazama. Baadaye walipata dola 30,000 kutoka shirika la serikali linalosaidia utafiti wa sayansi, wakaunda mtambo walioupa jina la Betsy. Ndani yake waliweka mchi mrefu, kama fimbo ya kusukumia chapati, wa kutandaza unga. Na hapo walijifunza jambo dogo lenye faida kubwa: mchi ule ukizungushwa kinyume cha njia unayokwenda, unga hulala sawasawa. Mambo ya namna hii hayaji kwa kuwaza tu. Huja kwa kujaribu na kuharibu, siku baada ya siku.

Basi tutazame jambo la pili, nalo ni haki ya mali. Tarehe 17 Oktoba 1986 maombi ya hataza yalipelekwa serikalini, na hataza ikatolewa mwaka 1989. Hataza ni hati ya serikali isemayo: uvumbuzi huu una mwenyewe, na mtu mwingine asiutumie bila ruhusa yake mpaka muda uliowekwa uishe. Jina la Deckard limeandikwa katika hati hiyo kuwa ndiye mvumbuzi. Lakini mwenye mali alikuwa nani? Alikuwa chuo kikuu. Mwanafunzi aliyetaka kutoka na wazo lake akalifanyie biashara ilimlazimu kupata ruhusa ya chuo chake mwenyewe.

Ruhusa ilipatikana kwa mapatano. Kampuni ndogo ilianzishwa mjini Austin, na mwaka 1989 ikaitwa DTM. Chuo kiliipa haki ya kuutumia uvumbuzi. Kampuni kubwa ya BF Goodrich ikatia fedha. Mwaka 1992 DTM ikaanza kuuza mitambo yake kwa viwanda.

Pengine utauliza: je, hakuna mwingine aliyewahi kuwaza jambo kama hilo? Swali hilo ni zuri. Mmarekani mwingine, Ross Housholder, alikwisha kupeleka maombi ya hataza mwaka 1979, akielezea njia inayofanana na hii. Hataza yake ilitolewa mwaka 1981, mwaka uleule ambao Deckard alikwenda Houston. Hata hivyo karatasi ile haikuzaa mtambo wa kuuzwa sokoni. Hapo tunaona tofauti ya wazo na kikundi. Wazo linaweza kulala katika kabati la serikali. Kikundi kina mwalimu, wanafunzi, chumba, fedha kidogo na ruhusa ya kukosea.

Sasa tuvuke mpaka mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts, penye chuo kiitwacho MIT. Mwaka 1989 walimu Emanuel Sachs, Michael Cima na wenzao walipeleka maombi ya hataza ya njia nyingine. Wao pia walitandaza unga, lakini badala ya mwali wa leza walidondosha matone madogo sana ya gundi, kama mashine ya kuchapa inavyodondosha wino. Jim Bredt, aliyekuwa mwanafunzi katika kikundi hicho, na Tim Anderson, aliyefanya kazi humo, walishirikiana na wafanyabiashara wawili, Marina Hatsopoulos na Walter Bornhorst. Mwaka 1994 walianzisha kampuni ya Z Corporation. Unga wao ulikuwa wa wanga au plasta, vitu vya bei nafuu.

Na njia hiyohiyo ya matone ilifika mahali ambapo watu wengi hawakutazamia: kwenye dawa. Mwaka 2015 serikali ya Marekani iliruhusu kidonge cha kifafa kiitwacho Spritam, kinachotengenezwa kwa kushikiza unga wa dawa kwa matone, tabaka kwa tabaka. Kwa kuwa kina vitundu vingi, huyeyuka mdomoni upesi kwa funda moja la maji. Kwa mgonjwa ambaye kumeza kidonge ni taabu, hilo si jambo dogo.

Je, watu wenyewe walikwenda wapi? Beaman alibaki Austin akifundisha, na tangu mwaka 1990 mji huo umekuwa na mkutano wa wasomi wa kazi hii. Deckard alifundisha katika Chuo Kikuu cha Clemson, na mwaka 2012 aliungana na wenzake kuanzisha kampuni ya kutengeneza unga wa mitambo. Alifariki dunia Desemba 2019. Kampuni ya DTM ilinunuliwa na 3D Systems mwaka 2001. Serikali ya Marekani ilikwenda mahakamani kuuzuia ununuzi huo, kwa hofu kwamba hati nyingi zikiwa mkononi mwa mmoja, wanunuzi wataumia. Shauri lilimalizika kwa mapatano: wauzaji walilazimika kumpa mshindani ruhusa ya kutumia hataza zao. Na Z Corporation nayo ikaingia mikononi mwa 3D Systems mwaka 2012.

Turudi kwenye swali letu. Sehemu moja ya ujuzi huingia katika hati. Hati hulinda, lakini pia hufunga mlango, na mlango hufunguka muda ukiisha. Hataza moja kubwa ya njia ya leza iliisha mwaka 2014, na baada ya hapo wengine walianza kutengeneza mitambo midogo ya bei nafuu zaidi. Sehemu ya pili hukaa mikononi mwa watu. Unga gani hushikamana vizuri, mchi uzungushwe vipi, joto liwe kiasi gani: hayo huenda popote aendapo aliyejifunza. Ndiyo maana anayetaka kujua faida ya chuo asihesabu vyeti tu. Na aulize waliotoka humo wanafanya kazi gani, na wamemfundisha nani.

Kabla ya kuagana, zungumzeni darasani maswali haya:

1. Eleza tofauti ya njia ya mchonga kinyago na njia ya mfinyanzi. Taja kazi moja ya kwenu kwa kila njia.
2. Je, ilikuwa haki uvumbuzi wa mwanafunzi uwe mali ya chuo? Toa sababu zako, na wasikilize wanaopinga.
3. Ni ujuzi gani unaoufahamu wewe ambao haujaandikwa popote? Nani ataurithi?

Swali la tatu jibuni kwa maandishi, mistari mitano. Hadi juma lijalo, kwaherini.