Usumba na Vumbi Lake

Kabla misumari haijazoeleka katika pwani yetu, vyombo vya baharini vilishonwa. Mwandishi wa Kiyunani wa karne ya kwanza, aliyezieleza bandari za bahari hii katika kitabu kiitwacho Periplus, aliutaja mji wa Rhapta, akasema kuwa jina lake limetokana na vyombo vya kushonwa vilivyotumika huko. Na hata zama za babu zetu Wabajuni walikuwa bado wakiunda mitepe, ambayo mbao zake zilifungwa kwa kamba za usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, na tanga lake likasukwa kwa miaa. Kwa hiyo biashara iliyoitajirisha pwani hii ilichukuliwa, kwa sehemu kubwa, na ganda ambalo mpita njia leo hulipiga teke.

Ibn Battuta, aliyezuru Mombasa na Kilwa mwaka 1331, na baadaye akawekwa kadhi katika visiwa vya Maldivi, alizieleza nyuzi hizo kwa jina la qanbar: kwamba makumbi hutiwa katika mashimo ya ufukweni, kisha hupigwa kwa magongo, ndipo wanawake wakasokota kamba ambazo zilisafirishwa hadi Bara Hindi, Uchina na Yemeni kwa kushonea vyombo. Mtu aliyewahi kukaa Jambiani, katika pwani ya mashariki ya Unguja, akiyasikia maelezo hayo atadhani yameandikwa jana, na kwamba mwandishi alisimama pale pale.

Maana huko, bamvua ifikapo na maji yakapwa mbali, wanawake huteremka pwani kuyatazama mashimo yao, waliyoyachimba mchangani na kuyafunika kwa mawe, ambamo makumbi hulala miezi sita au zaidi, maji ya chumvi yakiingia na kutoka, hata nyama ya kumbi ikalainika na kuachana na nyuzi. Makumbi yakifukuliwa huwa meusi, na harufu yake hukaa mikononi kutwa nzima. Kumbi huwekwa juu ya jiwe, hupigwa kwa gongo fupi, hugeuzwa, hupigwa tena. Na kila pigo lishukapo, nyuzi husalia mkononi, ilhali unga wa rangi ya kahawia hudondoka chini. Nyuzi huanikwa, husokotwa kwa viganja, zikawa kamba za vyombo, za vitanda na za kufungia mapaa. Ule unga haukuwa na mwenyewe; maji yalipojaa yaliuchukua.

Nao ndio wingi wa kumbi, kwani katika kila kilo 10 za kumbi, nyuzi ni takriban kilo 3 tu. Huko Alleppey, kusini mwa Bara Hindi, ambako James Darragh alianzisha kiwanda cha usumba mwaka 1859, na kadhalika katika kisiwa cha Sri Lanka, vumbi hilo lilirundikana kwa miaka mingi likawa vilima, mvua ikinyesha likichafua mito na visima. Wakulima wa bustani za Uingereza walikwisha kulijaribu tangu karne ya 19, kisha wakaliacha. Ikawa hadi miaka ya 1980 ndipo lilipotafutwa kwa bidii, kwa kuwa mboji ya mabwawa ya nchi za baridi, waliyoizoea kuoteshea miche, hujengeka kwa kiasi cha milimita 1 tu kwa mwaka, na aichimbaye huchimba akiba ya maelfu ya miaka. Nazi hukomaa kwa miezi 12, na mnazi hauachi kuzaa.

Vumbi hili lina vinyweleo kama vya sifongo: hunywa maji mara kadhaa ya uzito wake, na bado likauachia mzizi hewa, wala haliozi upesi. Tofali lake lililokandamizwa la kilo 5 likitiwa maji huvimba likajaza ndoo tatu kubwa. Leo mashamba mengi ya maua na ya mboga, yakiwemo ya Kenya, huotesha katika vumbi liletwalo kwa meli kutoka ng'ambo, na wakati huo huo makumbi ya pwani yetu yanachomwa moto.

Ijara ya kamba ilishuka nailoni ilipoenea. Na mwaka 1989, kilimo cha mwani kilipoanza Paje na Jambiani, wanawake wengi waliyaacha magongo wakaushika mwani, na hakuna wa kuwalaumu, kwa kuwa riziki hufuatwa iliko. Lakini elimu waliyoiacha si ya kudharauliwa. Vumbi la kumbi lililolala baharini lina chumvi iuayo mche. Basi halina budi kusuuzwa kwa maji ya mvua, mara kwa mara, hata maji yatokayo yasiwe na ladha ya chumvi ulimini. Na ni nani aijuaye chumvi hiyo, na muda wa kumbi shimoni, na kumbi lipi limeiva na lipi bado, kuliko bibi aliyelipiga gongo tangu utotoni? Nusu ya maarifa ya kitalu iko kwake. Iliyobaki ni kutandika turubai chini ya jiwe lake, unga usichukuliwe tena na maji.