Ndoa Isiyo na Msajili: Wenzi wa Jinsia Moja kati ya Nakivale na Mbarara

Katiba ya Burundi ya Machi 2005 ilipiga marufuku ndoa ya watu wa jinsia moja. Miezi michache baadaye marekebisho ya Katiba ya Uganda yakaingiza katazo hilohilo katika ibara ya 31(2a), na Februari 2006 Katiba ya Kongo, ibara ya 40, ikaifunga ndoa katika mipaka ya jinsia mbili tofauti. Wakongo na Warundi ni sehemu kubwa ya wakazi wa Nakivale, wilayani Isingiro. Kwa hiyo wenzi waliokimbia huko hawakuacha katazo nyuma yao, walilikuta limewatangulia.

Mkimbizi huandikishwa kwa kaya. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 humhesabu mume au mke kuwa mwanafamilia, na (jambo lisilosemwa vya kutosha) humkubali pia anayeteswa kwa kukataa desturi za ubaguzi wa kijinsia. Mtu aweza basi kupokewa, mwenzi wake asitambuliwe. Wapo wanaojiandikisha kama ndugu, na uongo huo hukaa katika faili miaka yote, ukingoja siku ya mahojiano ya kuhamia nchi ya tatu.

Msajili wa ndoa mjini Mbarara hana la kuwafanyia. Sheria ya Kupinga Ushoga ya 2023 imeweka kifungo cha miaka 10 kwa anayejaribu kufunga ndoa hiyo, anayeifungisha na anayeihudhuria kwa kujua. Aprili 2024 Mahakama ya Katiba iliondoa wajibu wa kutoa taarifa na hatia ya mwenye nyumba. Kosa la ndoa likabaki.

Marekani, tangu 2013, huitambua ndoa ya jinsia moja katika uhamiaji ikiwa ilikuwa halali ilikofungwa, sharti lisilotimizika Nakivale. Kanuni za Kanada za 2002 zina manufaa zaidi: humtambua mwenzi wa uhusiano wa mwaka mmoja hata kama mateso yaliwazuia kuishi pamoja. Uhusiano huo lakini huthibitishwa kwa picha, barua na ujumbe wa simu, vitu ambavyo mikononi mwa polisi wa Mbarara vingeweza kuwa vielelezo vya mashtaka. Hivyo swali la nani anatunza nakala hizo, na kama mkalimani wa Kiswahili katika mahojiano ni jirani yao kambini, huwagusa wenzi hao mapema kuliko swali la cheti.