Maabara pepe ya mtandao wa kampuni

Maabara pepe ya mtandao wa kampuni ni ruta, swichi, faiwoli na seva zinazoendeshwa kama programu ndani ya kompyuta, ili wanafunzi na mafundi wajizoeze kujenga mtandao, kuuvuruga na kuurekebisha bila kumkatia mtu huduma. Huwafaa sana wanafunzi wa vyuo vya kanda ya Ziwa Victoria nchini Kenya, kama vile Chuo Kikuu cha Maseno, Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kilichoko Bondo na Kisumu National Polytechnic, kwa kuwa ruta halisi ya kampuni kubwa inaweza kuwa ghali kuliko kompyuta inayobeba maabara nzima.

Programu

Mwaka 2005 Christophe Fillot alitoa Dynamips, programu inayoiga ruta za Cisco. GNS3, iliyotolewa 2008 na Jeremy Grossmann, iliiongezea mchoro ambao mtumiaji huunganisha vifaa kwa kipanya. Baadaye zilikuja EVE-NG na Containerlab. Programu za ruta za Cisco huhitaji leseni. FRRouting, iliyoanza 2017, ni huria na hufanya kazi ndani ya kontena. Kwa kuwa kontena hutumia kiini kimoja cha Linux, kompyuta yenye kumbukumbu ya GB 16 hubeba ruta kadhaa bila shida.

Mchoro na anwani

Maabara nzuri huiga kampuni yenye sura inayojulikana. Tuseme ni msambazaji wa samaki mwenye makao makuu Kisumu, matawi Busia, Siaya, Homa Bay na Migori, na kituo cha data Nairobi. Namba rasmi za kaunti hizo hugeuzwa kuwa anwani za ndani: Busia 10.40.0.0/16, Siaya 10.41, Kisumu 10.42, Homa Bay 10.43, Migori 10.44 na Nairobi 10.47. Fundi akiona pakiti inayotoka 10.43 hujua mara moja imetoka Homa Bay.

Mpangilio huu una faida nyingine. Namba 40 hadi 47 hujumlishwa kikamilifu katika 10.40.0.0/13, hivyo kampuni mshirika hutangaziwa njia moja badala ya sita. Namba 45 na 46, za Kisii na Nyamira, hazina tawi. Ruta ya mpakani hupewa amri ya kutupa pakiti zinazoelekea huko, zisije zikafuata njia chaguomsingi na kutoka nje.

Njia za pakiti

Ndani ya kampuni, itifaki ya OSPF huchagua njia. Kisumu huunganishwa na Nairobi moja kwa moja, na njia ya akiba hupitia Homa Bay na Migori. Kiungo kikuu kikikatwa, mwanafunzi hupima muda unaopita kabla ya pakiti kufuata njia ya akiba. Ucheleweshaji nao huigwa: mwanga husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde ndani ya mkonga, hivyo kilomita 350 huchukua karibu milisekunde 1.75 kwenda tu. Kwa watoa huduma wawili wa intaneti hutumika itifaki ya BGP, na namba binafsi za mtandao unaojitegemea (AS), 64512 hadi 65534.

Usalama

Wahasibu, wageni na kamera hutengwa kwa mitandao pepe ya ndani (VLAN), na faiwoli hukataa kila kisichoruhusiwa waziwazi. Matawi huunganishwa kwa njia zilizosimbwa za IPsec au WireGuard. Mashambulizi ya majaribio hubaki ndani ya maabara, kwa kuwa sheria ya Kenya ya 2018 kuhusu uhalifu wa kompyuta inaharamisha kuingia katika mfumo wa mtu bila idhini. Taarifa za wateja zinazotumika sharti ziwe za kubuni.

Otomatiki

Kiolezo kimoja cha Ansible, chenye namba ya kaunti kama kigeu, huzalisha mipangilio ya ruta zote sita. Mipangilio huhifadhiwa katika Git, na hati ya Python huhakikisha baada ya kila badiliko kwamba matawi bado yanafikiana. Jaribio likishindikana, toleo lililotangulia hurejeshwa.

Mipaka

Maabara pepe haipimi kasi halisi ya mitambo, wala haifundishi kuunga mkonga, kusoma taa za milango ya swichi au kukabiliana na joto na umeme unaokatika. Stadi hizo hupatikana kwenye vifaa halisi, chini ya fundi mzoefu.