Presha Ilipopanda Basi la Nairobi

Mwaka 1929 jarida la kitabibu la Lancet, linalotolewa Uingereza, lilichapisha makala ya daktari mmoja aliyeitwa C. P. Donnison. Kituo chake cha kazi kilikuwa Kavirondo Kusini, eneo la Kenya lililo kando ya Ziwa Victoria. Donnison alikuwa amewapima presha watu wapatao 1,000, na matokeo yakamshangaza. Ulaya ilijulikana kwamba umri ukisogea, presha nayo hupanda. Hapa, mtu akishavuka miaka 40 presha yake ilielekea kushuka. Katika miaka miwili hospitali yake ililaza wagonjwa karibu 1,800, na hakumpata hata mmoja mwenye presha ya juu.

Ilikuwa rahisi kusema kwamba Mwafrika kaumbwa hivyo. Lakini ushahidi uliofuata ulikataa maelezo hayo mepesi.

Ushahidi mwingi ulitoka Kampala, na ulihusu maradhi ya moyo, ndugu wa presha ya juu. Mwaka 1959 watafiti A. G. Shaper na K. W. Jones waliandika kuhusu wakazi wa Uganda wenye asili ya Afrika na wenye asili ya Asia. Kwa Waafrika maradhi ya mishipa ya moyo yalikuwa nadra mno. Kwa Waasia, waliokuwa na kolesteroli nyingi zaidi, yalikuwa jambo la kawaida. Mji ni huohuo. Kilichotofautiana ni chakula mezani. Waafrika waliishi kwa matoke, viazi vitamu, maharage na mboga, na mafuta yalikuwa machache. Mwaka uliofuata watafiti walilinganisha uchunguzi wa maiti 632 za Uganda na 632 za St. Louis, Marekani, zilizowiana kwa umri na jinsia. Kule Marekani mioyo 136 ilikutwa na alama za shambulio. Uganda, mmoja tu.

Tusijidanganye kwamba hiyo ilikuwa enzi ya neema. Malaria, kifua kikuu na uzazi vilimaliza watu kabla ya uzee. Moyo ulisalimika, mwenye moyo mara nyingi hakusalimika.

Jibu zuri kuliko yote lilikuja miaka ya 1980. Timu ya mtafiti Neil Poulter iliwafuatilia Wajaluo 325 waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda kutafuta kazi Nairobi, pamoja na 267 waliobaki nyumbani. Makundi yote yalipimwa uzito, presha, mapigo ya moyo na mkojo, kisha yakapimwa tena na tena kwa muda wa hadi miaka miwili. Wahamiaji walikuwa na damu ileile ya ndugu zao wa kijijini, kwa hiyo habari ya maumbile ikakosa pa kusimama.

Haukupita hata mwezi tangu wafike mjini, na presha yao ikawa tayari juu kuliko ya waliobaki. Mkojo ulieleza sehemu ya sababu: sodiamu, yaani chumvi, ilikuwa imezidi, na potasiamu, ambayo mwili huipata kwa wingi kutoka kwenye mboga, maharage na matunda, ilikuwa imepungua. Uzito nao ulikuwa umeongezeka. Hawa hawakuwa wazee wala matajiri waliovimba kwa karamu. Walikuwa vijana wanaohangaikia kibarua na chumba cha kupanga.

Matokeo yalitoka mwaka 1990 katika British Medical Journal. Ndani yake kuna jambo ambalo ushauri wa kliniki huligusa kwa nadra: moyo wa mhamiaji ulidunda kwa kasi zaidi, na watafiti walishuku kwamba mfumo wa neva ulikuwa umesisimka kupita kawaida. Chumvi mpishi anaweza kuipunguza jioni hiihii, na mboga za majani zinauzwa kila kona ya Nairobi. Kodi ya chumba na kazi isiyo na uhakika hazipunguzwi jikoni.