Jina Edward: maana yake na lilikotoka

Msikilizaji, majina mengi tunayoyaita "majina ya dini" hayatoki katika vitabu vya dini. Edward ni mojawapo. Soma Biblia kuanzia Mwanzo hadi Ufunuo, hulikuti. Hili ni jina la kienyeji la Waingereza wa kale, kama vile kwetu mtoto anavyoitwa Baraka au Tumaini.

Maana yake

Katika Kiingereza cha kale liliandikwa Eadweard. Ni maneno mawili yaliyounganishwa. "Ead" ni mali, neema au heri. "Weard" ni mlinzi. Kwa hiyo Edward ni "mlinzi wa mali" au "mlinzi wa neema".

Neno hilo la kwanza limo pia katika majina mengine tunayoyajua. Edwin lina neema na rafiki, Edmund lina neema na ulinzi, Edgar lina neema na mkuki. Hata Edith, jina la kike, limeanza hivyo hivyo, ila sehemu yake ya pili ni vita.

Jina lililonusurika

Mwaka 1066 Uingereza ilivamiwa na Wanormani kutoka kaskazini mwa Ufaransa. Watawala wapya walikuja na majina yao: William, Robert, Richard, Henry. Vizazi vichache baadaye, hata wakulima wa Kiingereza walikuwa wakiwapa watoto wao majina ya wakubwa hao. Majina ya mababu kama Leofric na Ethelred yakaachwa. Sisi tuliotawaliwa tunaijua hadithi hiyo.

Edward halikupotea, na sababu ni mtu mmoja. Mfalme Edward, aliyetawala kuanzia 1042 na kufariki Januari 1066, alisifika kwa uchaji wake. Ndiye aliyejenga kanisa la Westminster jijini London, na kaburi lake limo humo hadi leo. Mwaka 1161 Papa Alexander wa Tatu alimtangaza kuwa mtakatifu, naye akajulikana kama Edward Muungamadini.

Mfalme Henry wa Tatu alimheshimu sana mtakatifu huyo. Mwanawe alipozaliwa mwaka 1239, alimpa jina hilo. Mtoto akawa mfalme Edward wa Kwanza, akafuatwa na mwanawe Edward wa Pili, kisha mjukuu wake Edward wa Tatu. Kuanzia 1272 hadi 1377 Uingereza ilitawaliwa na akina Edward watupu. Jina likaenea hadi kwa watu wa kawaida, likavuka bahari: Wafaransa husema Édouard, Wahispania Eduardo, na Wareno wana Eduardo na Duarte.

Jina hili kwetu

Afrika Mashariki lilifika na wamisionari na wakoloni. Ziwa Edward, lililo mpakani mwa Uganda na Kongo, lilipewa jina na msafiri Stanley mwishoni mwa miaka ya 1880, kwa heshima ya mwana wa Malkia Victoria, ambaye baadaye alikuwa mfalme Edward wa Saba.

Lakini Mtanzania akisikia Edward, wengi hukumbuka Edward Moringe Sokoine, waziri mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984. Mwaka 1983 aliongoza vita dhidi ya wahujumu uchumi na walanguzi. Mlinzi wa mali ya umma! Na jina la Kiingereza halikufuta majina ya kwao Umasaini. Ni Sokoine ndilo lililobaki midomoni mwa watu, na chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro kinaitwa kwa jina hilo.

Kabla hujaliandikisha

Mzazi, ukimpa mtoto jina hili, chagua namna moja ya kuliandika. Cheti cha kuzaliwa kikisema Edward, cha shule Edwad, na kitambulisho Edwardi, kompyuta itaona watu watatu. Mtoto akikua atahangaika ofisi hadi ofisi kuthibitisha kwamba yeye ni mmoja. Soma karatasi herufi kwa herufi kabla ya kuondoka dirishani. Na mtoto akiuliza jina lake lina maana gani, sasa una jibu la kumpa.