Kariakoo ya Toronto

Jina la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliolibebea jeshi la Waingereza risasi na chakula katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Dar es Salaam ikabaki na soko, Nairobi na Kariokor yake, ila mishahara ya maelfu ya waliofia njiani haikuwafikia jamaa zao. Toronto nako kuna mtaa wenye jina la vita, lakini jina hilo lilikuja na funguo za nyumba.

Ni Topham Park, upande wa East York. Frederick Topham alikuwa mhudumu wa tiba jeshini, na alitunukiwa Nishani ya Victoria kwa kuokoa majeruhi ng'ambo ya mto Rhine, Machi 1945, ilhali mwenyewe alikuwa na jeraha la risasi puani. Nyumba zenyewe ni ndogo, zilijengwa kwa askari waliorudi na kukuta mji umefurika. Barabara moja inaitwa Warvet Crescent, yaani ya wakongwe wa vita. Hakuna mafumbo hapo.

Wakanada hawakuanza vizuri. Majeruhi wa vita vya kwanza walilazwa Christie Street, katika kiwanda cha zamani cha mashine za kuhesabia fedha za dukani, pembeni mwa reli. Treni zilipopita, kelele na vumbi la makaa viliwafikia wagonjwa vitandani. Malalamiko juu ya hali hiyo yalidumu hadi vita vya pili vikaleta majeruhi wengine, na hapo subira ya wenyeji ikaisha. Mwaka 1948 Waziri Mkuu Mackenzie King alifungua hospitali ya Sunnybrook, kwenye ardhi ambayo Alice Kilgour aliipa manispaa mwaka 1928 kwa kumbukumbu ya marehemu mumewe. Hadi leo wanajeshi wazee wanatunzwa hapo.

Askari wa vita vya pili walipewa pia kiinua mgongo cha dola 7.50 kwa kila siku 30 za utumishi, na nyongeza kwa waliovuka bahari. Waliotaka kusoma walilipiwa. Chuo Kikuu cha Toronto kilielemewa hata kikawafundishia wahandisi wake huko Ajax, ndani ya kiwanda kilichokuwa kikijaza makombora.

Na maskini ambaye hakuvaa gwanda? Yeye alisubiri kura. Mwaka 1934 Herbert Bruce, mwakilishi wa Mfalme katika jimbo la Ontario, aliitumia sherehe ya miaka 100 ya jiji kuwasema wakubwa juu ya vibanda vya mjini. Ripoti ikaandikwa, ikakaa. Ni tarehe 1 Januari 1947 ndipo wapiga kura walipoidhinisha mradi wa nyumba wa Regent Park, na familia za kwanza ziliingia 1949.

Tofauti iko kwenye hati. Nyumba nyingi za askari, zilizoanza kwa kupangishwa, baadaye ziliuzwa kwa waliokuwa wakiishi humo. Wa Regent Park walibaki wapangaji, wakilipa kodi kulingana na kipato, huku majengo yakichakaa. Mwaka 2001 kituo chao cha afya kilianzisha Pathways, mpango wa kuwasaidia vijana wamalize sekondari, kwa masomo ya ziada na hata tiketi za basi. Ubomoaji na ujenzi mpya ulipoanza, 2005, nyumba 2,083 zilihusika. Wasomali, Wabengali na wengineo wakafunga mizigo, mkononi wana ahadi kwamba watarudi.